Nani Alizima Mtandao wa Nuu?

Ukuta ulikuwa safi mno. Hilo ndilo jambo la kwanza alilolitambua Inspekta Esha Musa alipoingia katika chumba cha kompyuta cha kanisa, pale Nuu, asubuhi ya Jumatatu.

Skrubu mbili zilikuwa zimebaki ukutani. Chini yake, waya wa umeme ulikuwa umekunjwa vizuri ukafungwa fundo. Ruta yenyewe, kile kisanduku cheupe kilichosambaza Wi-Fi chumba kizima, haikuwapo.

"Kompyuta zote zipo?" Esha aliuliza.

"Zote ziko, madam," alijibu Kanini, msimamizi wa chumba hicho, mama wa makamo. "Projekta iko. Spika ziko. Hata simu yangu niliyoisahau kwa droo, iko. Wamebeba ruta peke yake."

"Bila waya wake wa umeme."

"Bila waya."

Konstebo Muli, kijana wa Kathonzweni aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini, alikuwa amepiga magoti, akipaka unga wa kuchukulia alama za vidole. Aliinuka akitikisa kichwa. "Hakuna kitu, afande. Pamefutwa."

Esha alipitisha kidole juu ya kabati lililokuwa kando. Kilitoka na vumbi. Msimu huu wa kiangazi Nuu nzima ilikuwa vumbi, ukifuta asubuhi, mchana limerudi. Kisha akapitisha kidole ukutani, pale ruta ilipokuwa. Hakuna hata chembe.

"Muli, ukitoa kitu kilichokaa ukutani muda mrefu, nyuma yake unakuta nini?"

"Vumbi, afande. Na utando wa buibui."

"Basi mtu ametoa ruta, halafu akapangusa ukuta."

"Anaficha alama za vidole."

"Anayeficha alama hupangusa alipogusa. Huyu amepangusa mpaka kwenye kona, halafu akakunja waya." Esha alizitazama tena zile skrubu. "Mlango je?"

"Haukuvunjwa. Ufunguo huwekwa kwa msumari kule jikoni mwa kanisa," Kanini alisema kwa aibu. "Kila mtu anajua."

Nje watu walikuwa wameanza kujaa. Muuguzi wa zahanati alitaka kutuma ripoti. Vijana wawili walikuja kuomba nafasi za chuo. Na kando kabisa, juu ya benchi, aliketi msichana aliyevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, mikono mapajani, akitazama mbele bila kupepesa.

Simu za Nuu hupata mtandao kwa kubahatisha. Ukitaka kuonana na mtu kwa video, ni ule ungo wa setilaiti ulio juu ya paa la kanisa tu ndio unaoweza kukufikisha.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuupenda ungo huo.

Aliitwa Mulwa. Duka lake la kupiga picha na kuchapisha karatasi lilikuwa limepoa tangu kanisa lilipofungua chumba chake. Alimpokea Esha akiwa amekunja mikono kifuani.

"Nilijua mtakuja kwangu," alisema kabla ya kuulizwa.

"Kwa nini nije kwako?"

"Kwa sababu nilisema mbele ya watu kwamba ile Wi-Fi ya kanisa itaniua."

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema. Na bado nasema. Lakini afande, nikitaka kuua net yao, si napanda tu juu nageuza ule ungo kidogo utazame upande wa Ukasi? Watakaa wiki nzima wakipangusa kompyuta. Ruta naibia nini? Niko nazo kwa hiyo boksi, zimekaa tu."

Alivuta boksi kutoka chini ya kaunta. Ndani mlikuwa na ruta za zamani, zimelaliana kama viatu vya mtumba.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kwa mazishi ya shangazi, kule Kabati. Nimerudi leo na gari la asubuhi. Uliza dereva."

Muli aliuliza. Dereva akathibitisha.

Waliporudi kanisani, fundi alikuwa amewasili kutoka Mwingi kwa pikipiki. Jina lake Kyule, mtu mrefu mwenye kofia ya kitambaa, ambaye kila Jumamosi alifundisha wenyeji namna ya kutumia kompyuta. Alisimama mbele ya skrubu zile mbili kama mtu aliyefika akakuta ng'ombe wake hayupo zizini.

"Hii ni mara ya tatu," alisema.

"Mara ya tatu kuibiwa?"

"Hapana. Mara ya tatu mtandao kusumbua. Zile mbili niliona ni shida ya kawaida tu."

"Nieleze. Pole pole, kama mtu asiyejua kompyuta."

Kyule alivuta kiti. Kueleza ndiko alikokupenda. "Mashine ikikataa kuunganika, unaanza karibu, unaenda mbali. Kwanza mashine yenyewe. Wi-Fi yake imewashwa? Watu wengi hugusa kile kitufe chenye picha ya ndege bila kujua, Wi-Fi inazimika. Mara ya kwanza ilikuwa hiyo. Kompyuta ya dirishani ilikuwa haioni mtandao wowote. Nilipofika nikabonyeza kitufe, ikaona."

"Ya pili?"

"Kompyuta hiyo hiyo. Wi-Fi imewashwa, jina la mtandao linaonekana, lakini mtu ameiambia mashine iusahau. Sasa inataka paswadi upya. Na ile karatasi ya paswadi iliyokuwa ukutani, imebanduliwa."

"Mimi paswadi siishiki kichwani," Kanini aliongeza. "Na yeye simu yake haikushika siku hiyo."

"Na ya tatu, ruta yenyewe," Esha alisema.

"Hiyo ndiyo hatua ya mwisho. Kama mashine iko sawa na paswadi iko sawa, nenda kwa ruta. Tazama taa. Izime, ngoja kidogo, iwashe. Ruta ndiyo moyo. Ikitoka, hakuna wa kuunganika."

Kuna kitu kilikuwa kimempita Esha karibu, naye alikuwa akikinyemelea.

"Mwalimu Kyule, darasani unafundisha kwa mpangilio gani?"

"Huo huo niliokueleza. Jumamosi ya kwanza, mashine. Ya pili, mtandao na paswadi. Juzi tulikuwa kwa ruta. Niliitoa hata ukutani nikawaonyesha inavyotoka na kurudi."

"Kitufe cha ndege kilibonyezwa kabla au baada ya somo la kwanza?"

Kyule alivua kofia yake. "Baada."

"Na paswadi?"

"Baada ya somo la pili." Uso wake ulibadilika. "Ngai! Nimekuwa nikifundisha mwizi."

"Umefundisha mtu anayesikiliza vizuri. Nani hajakosa hata somo moja?"

"Wanafunzi huja na kwenda. Leo huyu, kesho yule. Hakuna ambaye..." Alisita. "Labda mwaitu, yule mama Mbinya. Lakini yeye si mwanafunzi. Huwa anafagia, anatuletea chai, anakaa hapo nyuma akingoja vikombe."

Esha aliutazama tena ule ukuta uliopanguswa mpaka kwenye kona. Mtu aliyezoea kufuta hawezi kuona vumbi akaliacha, hata kama yuko katikati ya kuiba.

"Bi Kanini, siku zile mbili mtandao uliposumbua, nani alikuwa amewekewa kompyuta ya dirishani?"

"Mbithe. Yule msichana hapo nje. Ana mahojiano na wakala wa kazi za Uarabuni. Wamesema leo saa tano ndiyo nafasi ya mwisho. Kanisa lote tumemwombea."

"Mbithe ni wa nani?"

Kanini alishika kinywa.

"Ni wa Mbinya," alisema.

Jiko la kanisa lilikuwa nyuma, limeezekwa mabati, moshi umelipaka weusi ndani. Mbinya alikuwa ameinama akichochea moto. Alikuwa mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani, leso imefungwa imara kiunoni. Aliposikia hatua hakugeuka.

"Karibuni chai," alisema.

"Asante, mwaitu," Esha alijibu kwa upole. Alivuta kigoda, akaketi, macho yake yakawa chini kuliko ya yule mama. Muli alibaki mlangoni. "Nimekuja kuuliza kuhusu ruta."

"Mimi sijui mambo ya kompyuta. Sikusoma."

"Kitufe chenye picha ya ndege kinafanya nini?"

Mbinya alisukuma kuni ndani. Cheche ziliruka.

"Kinazima," alisema kwa sauti ndogo.

"Ruta iko wapi, mwaitu?"

Mama yule aliinuka, akaenda pembeni, kwenye sufuria kubwa inayotumika wakati wa harusi tu, akainua kifuniko. Ruta ilikuwa ndani, imefungwa kwa kitambaa safi. Aliitoa kwa mikono miwili, kama anayempakata mtoto aliyelala, akampa Esha.

"Sikutaka iingie moshi," alisema.

"Kwa nini ulifanya hivi?"

"Mnamjua Kalekye?"

Muli alitikisa kichwa.

"Kifungua mimba wangu. Alikaa kwa meza hiyo ya dirishani. Nilisimama nyuma yake nikifurahi, wale watu wa kazi za Uarabuni wakimuuliza kama anajua kupika, kama anajua kulea. Akacheka. Wakampenda. Akaenda." Mbinya alijifuta mikono kwenye leso ingawa haikuwa na maji. "Akarudi ndani ya sanduku. Karatasi ilisema moyo ulisimama. Mtoto ambaye alikuwa anabeba mtungi kutoka mtoni akiimba. Nilimwosha mimi. Nikaona mgongo wake. Huo si moyo, afande."

Esha aliwahi kusimama na familia moja ya Mwingi walipopokea jeneza la namna hiyo. Cheti chao pia kilisema moyo ulisimama.

"Hukumkataza Mbithe?"

"Nilimkataza. Mara moja tu. Akaniambia, Mama, ukimtaja Kalekye tena mbele yangu nitaondoka bila kukuaga. Kanisa nalo linamwekea mikono. Mchungaji anasema ni mlango Mungu amefungua. Sasa mimi niseme nini? Mdomo ulifungwa. Nikabaki na mikono." Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti haikukatika. "Kila Jumamosi nilisikiliza yule mwalimu. Alikuwa anafundisha watu kufungua. Mimi nikajifunza kufunga."

Mlangoni, nyuma ya Muli, kulikuwa na blauzi nyeupe. Hakuna aliyejua Mbithe alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Ni wewe?" msichana aliuliza. "Zote tatu?"

"Ni mimi, mwanangu. Nipelekwe."

"Mama, unajua ni kwa nini nilimchagua wakala huyo? Wako wengi. Nilimchagua yule yule aliyempeleka dada." Mbithe alimpita Muli, akaingia. "Nilitaka kupelekwa nyumba hiyo hiyo. Nijue walimfanya nini."

Kuni zilipasuka motoni. Mbinya alikaa chini palepale, sakafuni.

"Ungeniambia," alisema hatimaye.

"Ungenizuia."

"Si nimekuzuia hata hivyo?"

Mbithe alitoa sauti iliyokuwa nusu kicheko nusu kilio, akapiga magoti kando ya mama yake.

Kanini, aliyekuwa amewafuata, ndiye mlalamishi. Esha alimgeukia. "Mali yako imepatikana, haikutoka kiwanjani. Unataka kuendelea na kesi?"

"Kesi ya nani?" Kanini alijipangusa pua. "Mfagiaji wangu aliweka kitu mahali pasipo pake. Mimi sina mwizi."

"Nitaandika hivyo. Lakini, mwaitu Mbinya, kuna muuguzi hapo nje ambaye ripoti zake za wagonjwa zimekwama. Mtandao si wa Mbithe peke yake."

"Nitamwomba msamaha," Mbinya alisema. "Nitawaomba wote."

Kyule aliirudisha ruta kwenye skrubu zake. Taa ziliwaka moja moja. Kompyuta ya dirishani iliuona mtandao, ikaomba paswadi, ikapewa. Haikuchukua muda simu ya video ikaanza kulia.

Mbithe aliketi, mkono hewani, hapokei.

"Pokea," Mbinya alisema nyuma yake. "Sizimi tena. Uamuzi ni wako."

Mwanamume aliyevaa tai akatokea kwenye kioo, akatabasamu. "Habari yako, Mbithe. Leo tumebahatika. Unatusikia?"

"Nakusikia vizuri. Kabla hujaniuliza, ngoja nikuulize mimi. Kalekye Munyao mlimpeleka kwa nani?"

"Kalekye yupi?"

"Dada yangu. Mlimhoji akiwa kwa kiti hiki. Nataka jina la mwenye ile nyumba."

Tabasamu lilibaki usoni mwa yule mtu, lakini macho yalikimbilia pembeni. "Haloo? Haloo? Mtandao wenu naona una shida..."

Kioo kikawa cheusi.

Kwa mazoea, Kyule alirukia ile kompyuta. Wi-Fi imewashwa. Paswadi imekubaliwa. Akageuka kutazama ukutani, taa zote zilikuwa zikiwaka kijani.

"Mtandao wetu uko sawa kabisa," alisema. "Amekata yeye."

Esha akavuta kiti, akaketi karibu na Mbithe.

"Muli, chukua karatasi mpya. Hii ni taarifa nyingine." Akamgeukia msichana. "Anza na siku dada yako alipoondoka."

Mbithe alimtazama mama yake aliyesimama bado nyuma ya kiti, kitambaa cha kufutia kikiwa mkononi.

"Aanze Mama," alisema. "Yeye ndiye aliyemsindikiza. Mama, mtaje Kalekye."

Na Mbinya akaanza kusema.