Mstari Umetulia, Mke Wangu Yuko Sakafuni!

"Mama watoto! Mama watoto, amka!"

Hakuamka.

Alikuwa amelala sakafuni jikoni, kikombe kimepasuka kando yake, macho nusu wazi. Nikampigapiga mashavu. Wapi!

Na simu iliyokuwa mfukoni mwangu ilikuwa inasema mke wangu ni mzima kama kigori!

Wasomaji wangu, naandika haya hasira haijashuka. Msinipoze.

Mimi ni seremala mstaafu. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la jioni, nikiwa na ndevu zangu. Uzeeni nikaongeza kuandika programu za kompyuta. Waliocheka walicheka.

Mke wangu alipogundulika ana kisukari, nikamtengenezea mchoro kwa mikono yangu. Asubuhi anapima, anaingiza namba na alichokula jana kwenye simu yake, mstari unajichora. Ukigusa nukta, inafunguka na kukuambia jana yake alikula nini. Nukta ya kijani, salama. Nyekundu, balaa.

Kazi safi! Nikaiunganisha na simu yangu, mpaka na televisheni ya sebuleni.

Ila kosa moja lilinikaba koo. Kila nikifungua programu, kompyuta inanipigia wekundu: "Hapa inatakiwa namba, lakini huenda pasiwe na kitu."

Kwenye kompyuta kila kitu kina aina yake, jamani. Namba ni namba. Neno ni neno. Na pasipo na kitu huwezi kupaita namba. Ukivichanganya, mashine inakulalamikia.

Nilihangaika nalo nikashindwa. Nikamwita mkwe wangu, mume wa binti yangu, maana hiyo ndiyo kazi yake ofisini.

Hata chai haijapoa, akainuka.

"Tayari, baba. Wekundu umekwisha."

"Umefanyaje?"

"Mambo madogo, baba. Usiumize kichwa."

Nikamshukuru! Nikamsindikiza mpaka getini!

Sasa tuko hospitali. Daktari ananiuliza, "Mara ya mwisho alipima sukari lini?"

"Leo asubuhi!" Nikamtolea simu kwa mbwembwe. "Tazama, daktari. Mstari umetulia, kijani kitupu."

Akautazama. Akanitazama mimi.

"Mzee, sukari ya mtu hupanda na kushuka. Hii imeganda kwenye namba ile ile siku zote. Na kipimo chetu kinasema iko juu kupita kiasi. Huyu mama hajapima siku nyingi."



Nikaketi kwenye benchi la korido, nikafungua kompyuta yangu ya mkobani, nikaenda moja kwa moja pale palipokuwa pekundu. Nikakuta maandishi ya mkwe wangu. Yaani kwa lugha yetu: kama leo hakuna namba, chukua ya mwisho iliyopo.

Mmeelewa? Mtu asipopima, mashine imsingizie kwamba kapima!

Kosa hakulirekebisha. Alilifunga mdomo!!

Nikampigia.

"Njoo hospitali. Sasa hivi."

"Shikamoo baba, kwani kuna..."

"Shikamoo yako kaa nayo!"

Alifika jasho linamtiririka. Nikamdakia palepale wodini, mke wangu akiwa na dripu mkononi, ndio kwanza amefumbua macho.

"Mashine ilikuwa inalia kwamba huenda hapana kitu! Ilikuwa inasema kweli! Wewe ukapajaza uongo!"

"Baba, naomba nieleze..."

"Ueleze nini? Unataka kuniulia mke, halafu unaniita baba?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akajifunika shuka gubigubi.

"Mwache."

Sauti ilitoka kitandani kwa mke wangu. Nikageuka.

"Mwache mtoto wa watu. Mimi ndiye niliyemwomba."

"Ulimwomba nini?"

"Siku nisiyopima, pasionekane pengo."



"Kwa nini usipime? Vifaa si vimejaa kabatini?"

"Baba watoto, kila mgeni akiingia unawasha televisheni, unampa simu yako. 'Gusa hapa, shemeji, uone alivyofakamia keki ya harusi.' Shemeji anagusa. Watu wanacheka. Mimi nimekaa palepale nimeshika sinia." Akavuta pumzi. "Hata fundi bomba umemgusisha. Fundi bomba! Alikuja kuziba bomba, akaondoka anajua nilikula keki!"

Akavuta shuka mpaka kifuani.

"Nilichoka kuwa sinema. Nikaacha kupima."

 

Nikamgeukia mkwe. "Na wewe ukanificha?"

"Nilidhani atakosa siku moja moja tu, baba."

"Ulidhani!"

Kosa nimelirekebisha mwenyewe, kwenye benchi lile lile. Siku isiyopimwa sasa ina aina yake: mstari unakatika, panabaki duara la kijivu. Mchoro umekuwa na mapengo kama mdomo wangu. Televisheni nimeichomoa. Nywila kaweka mke wangu, siijui. Nikijaribu kuingia, programu niliyoiandika mwenyewe inanijibu: huna ruhusa.

Mkwe nimemsamehe nusu. Nusu nyingine ataisubiri.

Nyie mnaofanya kazi hizi, nisikilizeni. Mashine ikikuambia hapana kitu, usikimbilie kuizima ili kazi ipendeze. Nenda kamuulize mwenye pengo lake kwa nini ameliacha. Na ukienda, uwe mtu anayeweza kuambiwa ukweli. Hili la mwisho ndilo linaloniuma.

Leo asubuhi nimemfuata jikoni, mikono mitupu.

"Umepima, mama watoto?"

"Nimepima."

"Imesoma ngapi?"

Akafuta sinia lake taratibu, akalitundika.

"Kamuulize fundi bomba."