Kopo Nyuma ya Begonia

Kila asubuhi Kulusum alianza kazi zake kwa begonia. Kabla ya kufagia ua na kabla ya kwenda bombani, alipita sebuleni, akachovya kidole kwenye udongo wa mmea huo wa maua kuona kama umekauka, kisha akageuza chombo chake ili upande mwingine nao upate mwanga wa dirishani. Nyumba ilikuwa ya bibi yake, ambaye mtaa mzima wa Awindiri, mjini Arua, ulimwita Habuba. Begonia ilikuwa ya Hadijah, dada yake Kulusum. Alipewa kitawi na mama mmoja wa Arua Hill ambaye yeye Hadijah alikuwa amemshonea mapazia, akakipanda katika debe dogo la mafuta, akakilea mpaka kikawa mmea mnene wenye majani mapana, mekundu upande wa chini.

Mmea ulikuwa na vitumba vingi, lakini hakuna hata kimoja kilichotaka kufunguka. Na Jumamosi wageni walikuwa wanakuja kutoka Koboko: Bi Hawah, shangazi wa mchumba wake Hadijah, pamoja na wanawake wenzake. Wangekuja kuangalia nyumba anakotoka bibi harusi. Wanawake wa namna hiyo hawasemi wanakagua, lakini macho yao hayaachi kitu, kuanzia vitambaa vya kudarizi mpaka masizi ya birika.

"Hii maua nalala tu," Hadijah alisema kwa huzuni. "Bi Hawah atakuta majani tupu."

Kulusum alimpenda sana dada yake, na maneno hayo yalimchoma. Baadaye kidogo, likizo ikiwa haijaisha, alikwenda Midia, karibu na Koboko, kwa Mjomba Yakubu, mkulima wa tumbako. Huko aliona mjomba akitia mbolea ya chumvichumvi, punje nyeupe zinazong'aa, karibu na miche iliyonyong'onyea. Baada ya muda mfupi miche ile ilisimama, ikawa ya kijani kibichi ajabu. Kulusum aliona mwenyewe, akastaajabu, akaikumbuka begonia ya dada yake.

Angeomba, pengine angepewa. Hakuomba. Mjomba alipokwenda kuangalia tumbako iliyokuwa ikikaushwa, Kulusum aliingia kibandani, akachota mbolea kwenye gunia, akaifunga katika kitambaa chake cha kichwa. Aliporudi Arua aliimimina ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, akalificha dirishani, nyuma ya begonia.

Siku ya kwanza alitia kijiko kimoja. Kesho yake vitumba vilikuwa vilevile, naye hakuwa mtu wa kungoja. Akaongeza kijiko, kisha kingine, na Ijumaa akatia konzi nzima juu ya udongo mkavu, bila hata kumwagia maji. Alijiambia kwamba kama kidogo kinasaidia, kingi kitasaidia zaidi.

Jumamosi asubuhi alipoingia sebuleni, ufagio ulimtoka mkononi. Majani yalikuwa yamekauka kingo na kuwa ya kahawia, kana kwamba mtu ameyapitisha juu ya makaa. Vitumba vilikuwa vimeanguka juu ya kitambaa cha meza. Kulusum alishtuka. Aliviokota vile vitumba haraka, akavitia mfukoni, akageuza upande ulioungua zaidi utazame dirishani, wala hakumwambia mtu.

Mwaka ule, 1977, sukari ilikuwa adimu Arua nzima. Aliyeipata aliificha: ndani ya mto wa kulalia, chini ya nguo za sandukuni, hata ndani ya buti la mvua. Mgeni akija anaambiwa haipo, na mgeni naye anaitika kwa heshima, kwa maana kwake pia imefichwa. Habuba alizijua mbinu zote hizo. Kwa hiyo wageni walipokwisha kuketi na chai ya tangawizi ikichemka, alipousogeza mmea ili afungue dirisha na kugusa kopo nyuma yake, hakujiuliza mara mbili. Macho yake hayakuwa na nguvu tena. Alifungua, akaona punje nyeupe, akafurahi kama mtoto, akalipeleka jikoni.

"Hadijah huyu! Nafichia mimi sukari nyuma ya maua!" alisema akicheka jikoni.

Alimimina nusu ya kopo ndani ya birika. Asuman, mdogo wao wa miaka mitano, alikuwa amesimama pale na mkono ameukunjua tayari. Habuba alimtilia kijiko kizima kiganjani. Maskini mtoto huyo, siku nyingi alikuwa hajaonja kitu kitamu. Alitupia zote kinywani mara moja.

Kulusum alirudi kutoka bombani na ndoo kichwani. Mlangoni aliona vikombe vikizungushwa. Kisha akaona kopo lake la maziwa likiwa wazi mezani kando ya birika, na Asuman akijipangusa ulimi kwa nguo huku machozi yanamtoka. Akisema, watu wote watajua, mbele ya wakwe. Asiposema... Bi Hawah alikuwa amekwisha kuinua kikombe.

"Hapana kunywa!" Kulusum alipiga kelele, na ndoo ikaanguka, maji yakatapakaa sebuleni. "Hiyo hapana sukari! Hiyo iko mbolea!"

Bi Hawah alitupa kikombe kama aliyeshika nyoka. Wanawake walisimama wote, wengine wakishika vifua. Habuba alilitazama kopo, akamtazama Asuman, na uso wake ukawa wa kijivu.

"Ya Allah! Mimi nalisha mtoto sumu!" alilia.

Mjomba Yakubu, aliyekuja na wageni kutoka Koboko, aliingia mbio kutoka barazani. Alimshika Kulusum mabegani. "Hii kitu umetoa wapi?"

Aliyeuliza ni mjomba mwenyewe, mwenye mbolea, na Kulusum akaogopa. Maneno yakamtoka kabla hajayafikiri. "Drateru alinipa."

Drateru alikuwa rafiki yake wa darasani na jirani yao. Baba yake pia alilima tumbako. Hadijah hakungoja kusikia zaidi. Alijitanda na kukimbilia kwa kina Drateru kuuliza ni kitu gani. Asuman akaanza kutapika. Mjomba alimsukutua kinywa kwa maji, akambeba, akachukua na lile kopo, wakaenda zahanati wakikimbia, Kulusum nyuma yao akilia.

Tabibu Angelo alimlaza mtoto kitandani, akapima mapigo ya moyo, akatazama macho yake, kisha akainusa ile mbolea. Uso wake haukuwa na utani.

"Mtoto alikula nini hasa?"

"Wanasema mbolea," alijibu Mjomba Yakubu. "Lakini daktari, mimi mulimaji ya tumbako. Kwa nyumba yetu dawa ya wadudu pia iko nyeupe. Na mutu anaweza kuchanganya."

"Basi hapo ndipo kazi ilipo," alisema tabibu. "Mbolea ina tiba yake na dawa ya wadudu ina tiba yake. Siwezi kukisia. Nani anajua ilikotoka?"

Kabla Kulusum hajafungua kinywa, mlango ulisukumwa. Mama Paska, mama yake Drateru, aliingia akimburuta binti yake kwa mkono, Hadijah akiwafuata. Shavu la Drateru lilikuwa limevimba na alama za vidole vya mama yake zilionekana juu yake.

"Sema!" Mama Paska alifoka. "Sema umempa mutoto ya watu nini!"

"Sikumpa kitu, Mama. Naapa," Drateru alisema kwa kwikwi. Alimgeukia Kulusum. "Kulusum, mimi nilikupa nini?"

Kulusum alilitazama lile shavu. Alikuwa ametamka maneno mawili tu, tena punde hivi, na maneno hayo yalikuwa yamekwisha kufika nyumba nyingine na kumpiga mtu. Alihisi aibu iliyomuumiza kuliko woga wote wa asubuhi ile.

"Nilidanganya," alisema. "Drateru hakunipa. Niliiba kwa Mjomba, kule Midia."

Mjomba Yakubu alirudi nyuma hatua moja, kama aliyepigwa. Lakini hakukemea. Aliinama mpaka macho yao yakakutana.

"Kulusum, sikiliza sana. Gunia gani? Ile ya chini karibu na mlango, ama ile ya juu darini?"

"Ya chini. Iliyochanika mdomo. Ulikuwa unachotea humo mbolea ya miche."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mjomba. Ya juu sikuigusa."

Mjomba alishusha pumzi ndefu, akaketi sakafuni palepale. "Daktari, iko mbolea."

Tabibu Angelo alianza kazi mara moja. Asuman alitapika tena, akanyweshwa maji kidogo kidogo, akachungwa mpaka alasiri. Jua lilipopungua ukali aliomba muhogo, na Habuba akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Bi Hawah, ambaye alikuwa amekaa nje ya zahanati muda wote huo, alimwambia Hadijah kwamba harusi iko palepale.

Siku iliyofuata Mjomba Yakubu aliutoa mmea kwenye debe. Mizizi mingi ilikuwa imeungua. Hadijah alikata kitawi kimoja kilichobaki kizima, akakipanda katika udongo mpya.

"Mbolea ya maua ya ndani iko ndogo kabisa," Mjomba alimfundisha Kulusum. "Unakoroga punje chache kwa maji mengi, unamwagia udongo ambao iko na unyevu. Halafu unangoja. Na haikai kwa kopo ya chakula, hata siku moja. Mimi pia nilikosa. Kibanda yangu haikuwa na kufuli."

Kisha Habuba alimshika Kulusum mkono wakaenda kwa kina Drateru. Mama Paska alikuwa akichambua maharage uani. Drateru alikuwa kando yake, shavu bado limevimba. Kulusum alipiga magoti akaomba radhi, kwanza kwa Mama Paska, halafu kwa Drateru.

Drateru alimtazama usoni. "Watoto ya darasa wote wanasema mimi nilitaka kuua Asuman," alisema. "Utawaambia?"

"Nitawaambia."

Mama Paska aliacha maharage. Alimvuta binti yake, akaweka kiganja taratibu juu ya lile shavu alilolipiga. "Nisamehe, mutoto yangu," alimwambia. Kisha akamtazama Kulusum, na sauti yake haikuwa ya hasira tena. "Mbolea kidogo inasaidia, nyingi inaunguza. Uongo hapana namna hiyo. Uongo hata kidogo inaunguza, tena inaunguza mutu ambaye hakuwa hata karibu. Usisahau, binti yangu."

Jumatatu shule ilifunguliwa, na mwalimu alipoingia darasani na kabla hajaanza kuita majina, Kulusum alikuwa amekwisha kusimama.