Mke Wangu Aliingia kwa Dada Yangu, Pazia Likashushwa

Dada yangu wa tumbo moja alikuwa ameketi mlangoni kwake akimenya viazi, na ndani ya nyumba hiyo mke wangu alikuwa na mtu...

Hivyo ndivyo nilivyoamini, jamani. Msinicheke kwanza.

Mchana huu lori lilichelewa kufika ghalani, nikatoka kunyoosha miguu. Nikamwona mke wangu anavuka barabara mbiombio, anaangalia nyuma, anaingia kwa dada, ng'ambo ya ghala letu. Pazia likashushwa.

Saa hiyo ratiba inasema yuko sokoni!

Ratiba niliiandika mimi. Mimi ni msimamizi wa zamu ghalani. Kwangu lori halisimami bure na mtu hasimami bure. Mke wangu ni msusi, anashinda wima kwenye vichwa vya watu, na kila akirudi analalamika kwamba siku haimtoshi. Basi nikampangia. Alfajiri kufua, asubuhi saluni, mchana sokoni, kisha saluni tena, jioni kupika na kukagua madaftari ya watoto. Nikaibandika kwenye friji. Nyumba ikang'aa, nami nikawa natamba kazini kwamba nimemrahisishia maisha.

Nilifika mlangoni kwa mbio.

"Kaka, rudi ulikotoka," dada akasema bila kuinua macho.

"Yuko na nani humo?"

"Punguza sauti."

Damu ikanichemka. Dada niliyegawana naye shuka utotoni ndiye anamfichia mke wangu mwanamume! Nikampita kwa nguvu, viazi vikamwagika, nikasukuma mlango wa chumba kwa bega.

Mke wangu alikuwa peke yake.

Amelala kiubavu, viatu miguuni, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele, mdomo wazi. Kelele zote zile hazikumwamsha. Kando ya kitanda kulikuwa na kikapu chetu cha sokoni, kimeshajaa mboga.

Dada akanifuata nyuma, akaninong'oneza.

"Sokoni naenda mimi, tangu siku aliyoanguka saluni akimsuka mteja. Aliniapisha nisikwambie. Alisema ukijua ana muda wa kulala, utaujazia kazi."

Nikainama nimvue viatu tu, basi.

Akashtuka, akakaa kitako, macho mekundu, ananitazama kama mtu aliyefumaniwa.

"Samahani, baba watoto. Nilikuwa nimeshaamka."

Jamani... afadhali ningemkuta na mwanamume. Ningejua pa kuanzia kukasirika.

Nikamwambia alale, alale mpaka atosheke. Akajilaza upesi, akafumba macho kwa utii, kope zinachezacheza.

"Siwezi," akasema mwishowe. "Ukiwa umesimama hapo nahesabu dakika."

Nikatoka.

Sasa niko hapa mlangoni kwa dada, viazi nimeshaviokota, nawaandikia nyinyi. Lori limefika, simu inaita, siipokei. Dada amerudi kumenya, amenipa mgongo.

Ndugu zangu mnaopanga siku za wenzenu, nina hili moja tu. Nilizijua saa zote za mke wangu. Sikuwahi kumuuliza amebakiwa na nguvu kiasi gani za kuzimaliza.

Ratiba ya kwenye friji nitaichana nikifika. Ile iliyoingia kichwani mwake sijui naichanaje.

Nasikia kitanda kinalia huko ndani. Bado hajalala.