Dundu wa Mzimuni

Maiti ilikuwa ikilia.

Hivyo ndivyo Bi Moza alivyomwambia Inspekta Khairiya Pandu, na hakulibadili neno lake hata alipoulizwa mara ya tatu. Alitoka asubuhi na wenzake wawili kuokota kuni katika msitu wa Mtondooni, mwendo mfupi kutoka Micheweni. Walipokaribia mzimu, pale penye kaburi la kale la mawe ambalo watu hulifunga vitambaa vyekundu na kulimwagia marashi, walisikia sauti nyembamba, kama mlango wa mbali unaofunguliwa polepole. Wakatazama. Mtu kalala chini, kawapa mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa ukitembea.

Wenzake walikimbia. Yeye alibaki pale pale, akitazama.

Khairiya aliwaacha watu nyuma ya utepe wa polisi, akasogea na Koplo Suhail. Watu walikuwa wengi lakini hapakuwa na minong'ono. Miaka kumi na minne alikuwa katika upelelezi. Alishaona waliokufa maji na waliokatwa mapanga. Hakuwahi kuona maiti iliyovishwa vito.

Walikuwa ni dundu, wadudu wenye gamba gumu. Kila mmoja urefu wa kidole gumba, kijani cha kung'aa, na mikanda ya rangi ya chungwa mbawani, na pembe mbili nyeusi, nyembamba, ndefu kuliko kiwiliwili chake. Walikuwa wamejaa mgongoni mwa shati la marehemu na ndani ya viganja vyake viwili. Kwengineko hakuna hata mmoja. Pembe zao zilikuwa zikipepea taratibu, zote pamoja, kama watu wanaosikiliza habari. Koplo alipomgusa mmoja kwa ncha ya kalamu, yule dundu alilia. Wengine wakaitikia. Sauti ikapanda juu ya maiti, ikashuka, ikanyamaza.

Suhail alirudi nyuma hatua mbili, midomo ikimcheza. Alikuwa akisoma Ayatul Kursi.

Marehemu alijulikana mara moja: Safari Mabruki, umri miaka hamsini na minane, mlinzi wa msitu huo. Alikuwa na jeraha moja tu, upande wa kushoto wa kichwa, juu ya sikio. Damu ilikuwa imeganda shingoni, lakini juu ya majani alipolala hapakuwa na hata tone. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, uso umeelekezwa kibla. Macho yamefumbwa. Taya limefungwa kwa kitambaa cheupe, fundo juu ya utosi.

"Hakufia hapa," Khairiya alisema.

"Afande, watu wanasema kachukuliwa na wenyewe wa mzimu."

"Aliyemchukua anajua kufunga taya la maiti."

Sheha, mkuu wa kijiji, alimvuta kando, akamweleza kwa adabu kwamba kijiji kinataka maiti izikwe upesi na isipelekwe hospitali, maana alama imeshaonekana na si vyema kushindana nayo. Mwosha maiti wa hapo, Mzee Rajab Ahmada, alikwisha kuja na ndoo yake na sabuni. Alikuwa amechutama peke yake, macho ardhini, anangoja ruhusa. Yeye na Safari walilelewa ua mmoja. Khairiya alimpa pole, akamwambia kuwa maiti itatangulia kwa daktari. Mzee aliinamisha kichwa tu.

Uchunguzi wa maiti ulikamilika adhuhuri. Fuvu lilipasuliwa kwa pigo moja la kitu kizito, butu, chenye kona. Aliyepiga alisimama mbele yake, na marehemu hakuinua mkono kujikinga. Alikufa jana yake, baina ya Alasiri na Magharibi. Jambo jingine daktari hakuweza kulieleza: mgongoni mwa shati na viganjani mlikuwa na kitu cheupe kilichokauka mfano wa gundi, na ndani yake vibanzi vya mti. Dundu watatu walikuwa wameng'ang'ania shati mpaka mezani, na mhudumu wa chumba cha maiti alikataa katakata kuwabandua.

Nyumbani kwa marehemu wanawake walikuwa wamekaa jamvini wakisoma Kurani. Binti yake wa pekee, Nusaiba, mwalimu wa skuli ya msingi, alikuwa hajalia bado. Alimchukua Inspekta chumbani kwa baba yake. Baba hulala kibandani kwake msituni siku nyingine, alisema, ndiyo maana hakushituka usiku ulipoingia bila yeye kurudi.

Khairiya alimweleza habari ya wale dundu, kwa uangalifu, akitafuta maneno yasiyoumiza. Nusaiba alimkatiza.

"Hao si wa mzimuni," alisema. "Wala hawali nyama. Baba alinionyesha tangu mdogo. Wanafuata mti uliojeruhiwa. Mti ukikatwa utomvu unatoka, wanaisikia harufu yake kutoka mbali, wanakuja kutaga mayai kwenye gome."

"Mti gani?"

"Wowote. Lakini wanaupenda mvule. Utomvu wake mweupe, ukikauka kama gundi."

"Mzimuni pana mvule?"

"Hapana. Mivule imebaki mitano msitu mzima. Walimkaa wapi, Afande?"

"Mgongoni. Na ndani ya viganja."

Nusaiba aliitazama mikono yake mwenyewe. Kisha aliinuka, akaenda ukutani, akauegemea kwa mgongo, akairudisha mikono nyuma mpaka viganja vikalala juu ya chokaa. Akasimama hivyo, kidevu juu, kama anayemtazama mtu aliye mbele yake.

"Alisimama hivi," alisema. "Alikuwa anaukinga."

Hapo ndipo alipolia.

Aliwachorea njia ya kuifikia mivule yote mitano. Khairiya na Koplo waliingia msituni kabla ya Alasiri na askari wawili nyuma yao. Njia ilikuwa na kiza cha majani mchana kweupe, na ardhi laini ilimeza vishindo vya viatu vyao. Mvule wa kwanza ulikuwa umesimama. Wa pili na wa tatu pia.

Wa nne waliusikia kabla ya kuuona.

Ilikuwa sauti ile ile ya asubuhi, lakini sasa ilitoka pande zote. Mti ulikuwa umelala chini, mrefu, majani yake bado mabichi. Kisiki kilikuwa kikitoka machozi meupe, na dundu walikuwa wamekifunika chote, mamia kwa mamia, kijani na chungwa, wakipandana, wakilia. Wengine walikuwa wakitua. Mmoja alitua kwenye bega la Khairiya, akapapasa kola yake kwa zile pembe, akaruka kwenda zake.

Alichutama. Vibanzi vya upande mmoja wa kisiki vilikuwa vyekundu. Kutoka hapo magurudumu ya gari la ng'ombe yalikuwa yameandika mistari miwili mpaka kwenye njia kuu ya msituni.

"Afande," Suhail aliita taratibu. "Tazama kule."

Hatua mia moja mbele, msitu ulikuwa unaishia. Palikuwa na nyumba ya udongo na ua wa makuti, na mlangoni alisimama mwanamke mwembamba mno, mkono mmoja kashika mwimo, mwengine kashika mwiko. Alikuwa anawatazama, hata kope hapepesi.

"Nani yule?"

Suhail alizaliwa shehia ya jirani na akiwajua watu wa hapo. "Bi Mwanapili. Mke wa Mzee Rajab, mwosha maiti. Afande, mwanamke yule hajasimama mwaka wa pili huu. Kijiji kizima kinajua."

Mzee Rajab walimkuta nyuma ya nyumba, anawapa ng'ombe majani. Gari lake lilikuwa limeoshwa. Shoka lake nalo lilikuwa limeoshwa kwa sabuni, safi kuliko shoka lolote la mtu wa shamba. Hakuuliza wamefuata nini. Aliomba avae kofia yake, akaingia gari la polisi.

Kituoni Micheweni, Khairiya alimsomea onyo: kwamba ana haki ya kunyamaza, na atakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumika mahakamani. Mzee alisema amefahamu.

"Jana Magharibi ulisali wapi?"

"Nyumbani."

"Imamu anasema hukosi safu ya mbele hata siku moja."

"Jana nilikosa."

"Mvule nani kaukata?"

Mzee aliivua kofia yake, akaiweka juu ya goti.

"Mzee Rajab. Taya la Safari nani kalifunga?"

Mzee aliinua uso kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya mtu aliyekesha siku nyingi.

"Nisingeweza kumwacha mdomo wazi," alisema.

Baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa sana. Mkewe alianza kuugua tumbo, akakonda, akashindwa kusimama. Rajab alimtafutia waganga. Mmoja wao akamwambia kwamba ndani ya mvule ulio nyuma ya nyumba yake amekaa shetani aliyemkamata Mwanapili kiunoni, na mti ukianguka, mke atainuka. Alilikataa jambo hilo kwa muda mrefu, kwa ajili ya Safari. Mivule ilikuwa roho ya Safari. Lakini wiki hii Mwanapili aliacha kula. Jana, baada ya Alasiri, akachukua shoka.

Alikwisha kulikata shina nusu Safari alipotokea. Hakugomba. Alikwenda akauegemea mti pale pale palipokatwa, akarudisha mikono nyuma.

"Nikamwambia ondoka, ndugu yangu. Akasema mti huu hauna kosa. Nikamwambia mke wangu anakufa. Akasema najua. Akasema, 'Nilimpeleka mimi hospitali Chake Chake, kwa pikipiki yangu, weye ulipokuwa mjini Mkoani. Daktari alisema maradhi yamekwisha kuenea. Mwanapili anajua. Aliniapisha nisikwambie.'"

"Ndipo ulipompiga."

"Kwa kisogo cha shoka. Ndipo."

"Kwa sababu alikataa kuondoka?"

"Angesimama pale mpaka kesho, nisingemgusa," Rajab alisema. "Nilimpiga kwa sababu alijua yeye, mie sijui. Miaka thelathini na moja mke wangu. Namuosha, namlisha, namgeuza. Siri ya kufa kwake akampa Safari."

Khairiya aliandika. Koplo alikuwa mlangoni, hatikisiki.

"Kisha?"

"Nikamaliza kuukata."

"Safari kalala hapo?"

"Kalala hapo. Ukaanguka. Nikaingia nyumbani, nikamkuta Mwanapili kasimama." Sauti ya mzee ilitetemeka sasa, na si kwa hofu. "Kasimama kwa miguu yake, Inspekta. Akaniuliza nitakula nini. Akanipikia uji. Basi nambie weye, nani alikuwa mwongo? Mganga, au Safari?"

Khairiya alifungua ukurasa mwengine, akamuuliza maiti ilifikaje mzimuni.

Watu walipoingia msikitini kusali Magharibi, Rajab alimpakia rafiki yake kwenye gari lake la ng'ombe, akampeleka mzimuni, mahali ambapo alijua hapana atakayechunguza. Alimlaza anavyolazwa Muislamu. Hao dundu hakuwaita yeye. Asubuhi, alipowaona wamemjaa Safari na kusikia wanavyolia, alijua wamekuja kumshitaki.

Alitia dole gumba kwenye karatasi. Safari alizikwa jioni hiyo hiyo, na mwosha aliyemuosha ilibidi atolewe mjini Wete.

Kesho yake asubuhi Khairiya alikwenda kuchukua maelezo ya Bi Mwanapili. Alipobisha hodi alisikia kitu kikikwaruza ukuta kwa ndani, muda mrefu, na pumzi ya mtu anayejikaza. Mlango ulipofunguliwa Mwanapili alikuwa kasimama. Alipoona ni Inspekta, peke yake, alijiachia. Khairiya alimdaka, akamrudisha kitandani. Alikuwa mwepesi kama furushi la nguo.

"Nasimama kila nikisikia hatua," Mwanapili alisema, akihema. "Huenda ni yeye."

Khairiya alikaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza yote. Mwanamke alisikiliza akiwa amefumba macho. Alisema aliyasikia yote akiwa hapo kitandani, bila kuyafahamu. Shoka lilipiga, likanyamaza. Alidhani mumewe amepumzika. Kisha likaanza tena.

"Bi Mwanapili, uliinukaje?"

"Nilisikia mti unaanguka. Nikajua ataingia anitazame kama nimeinuka." Machozi yalimtoka bila sauti. "Miaka miwili ananitazama vile. Nikashika ukuta, nikasimama, mifupa yote inalia. Nilitaka apate siku moja tu ya furaha."

Khairiya alimuuliza kwa nini basi alimwambia Safari asimwambie mumewe. Mwanapili alijibu kwamba ni kwa sababu hiyo hiyo.

Nje, upande wa msituni, ile sauti nyembamba ilikuwa bado inasikika.

"Anajua?" Mwanapili aliuliza.

"Anajua nini, Bi?"

"Kwamba sikupona."

"Bado."

"Basi nakuomba, mwanangu. Usimwambie."

Khairiya alikuwa na kalamu mkononi na karatasi ya maelezo gotini. Alimwambia ukweli: kwamba maneno haya lazima ayaandike, na siku moja yatasomwa mahakamani kwa sauti, Rajab akiwa amesimama kizimbani anasikiliza.

Mwanapili akaomba ageuzwe, auelekee ukuta, asiione kalamu ikiandika.