Mchana Kazini, Jioni Gerezani

Kila Jumapili mama alimpelekea mwanawe sabuni gerezani. Mwanawe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Aliiba nyaya za shaba katika karakana alikoajiriwa, akakiri, akafungwa miaka mitatu. Sasa miwili na nusu ilikuwa imepita, na binti yake mdogo alikuwa ameacha kumuuliza bibi yake baba atarudi lini.

Siku moja ofisa wa urekebishaji alifika nyumbani. Alieleza kwamba mfungwa ambaye hakumdhuru mtu, na anayekaribia kumaliza kifungo, anaweza kuruhusiwa kufanya kazi nje mchana na kurudi gerezani jioni. Wengi wanaotoka bila kazi wala mtu wa kuwapokea hurudia makosa. Hospitali ilikuwa na vitanda vibovu ishirini vya kutengenezwa. Ila karakana iliyopewa kazi hiyo ilikuwa ile ile aliyoiibia.

"Huo ni mtihani," mama akasema.

Alikwenda mwenyewe kwa mwenye karakana. Hakumtetea mwanawe. Mzee yule akasema, "Nyaya nilishazisahau, mama. Kinachoniuma ni kwamba kazi nilimfundisha mimi."

"Basi mwache aje akutazame usoni."

Fundi alianza Jumatatu. Wiki ya kwanza waliishia kwenye salamu tu. Mzee alikagua kila kiungo cha kitanda, na chenye kasoro kilirudiwa. Fundi alirudia bila kunung'unika. Kwa ruhusa ya ofisa, binti alimletea baba yake chakula cha mchana. Siku za mwanzo alisimama mlangoni; baadaye akakaa karibu naye.

Jioni moja gari la gereza liliharibika. Fundi angeweza kutoweka. Badala yake alimwomba mzee ampigie simu ofisa, naye akaruhusu waende pamoja kwa miguu. Karibu na lango fundi akasimama.

"Uliniamini, nikakuangusha. Nisamehe, mzee."

"Kesho usichelewe," mzee akajibu.

Miezi sita ilipotimia, fundi aliachiwa huru. Mzee alimwajiri tena, na vitanda vyote vilikuwa tayari wodini. Siku hiyo nyumbani, jua lilipoanza kuzama, binti alimletea baba yake viatu.

"Baba, muda wako wa kurudi umefika."

Fundi alivipokea, akaviweka uvunguni mwa kitanda.

"Nimesharudi, mwanangu," akasema.