Mchawi wa Kwenye Flashi

Dume la ng'ombe liliingia kibandani kwa Hajra bila kupiga hodi.

Ilikuwa siku ya mnada na Nachingwea ilikuwa imefurika watu. Hajra alikuwa amefumba macho, kipaza sauti mdomoni, akitafsiri katuni ya Kijapani ya mabinti wachawi wanaopanda mifagio. Hiyo ndiyo kazi iliyompa jina mjini. Vijana wa Nachingwea na Ruangwa walipanga foleni kuingiziwa kwenye flashi *Mabinti Wachawi*, na Tausi, yule mchawi mwenye nywele nyekundu, alizungumza kwa sauti ya Hajra. Zuhura, rafiki wa Tausi, alikuwa na sauti ya shoga yake Lusiana.

"Nipishe nipite, au nitakugeuza kenge!" alifoka Hajra kwa sauti ya Tausi.

Mlango wa bati ukang'oka. Televisheni ikapasuka. Pembe ikapita ubavuni mwake, ikachana dera lake jipya la maua ya njano kuanzia kiunoni hadi pindoni. Lusiana alikuwa ameshapanda juu ya meza, akipiga mayowe ambayo katuni yenyewe isingeyaweza.

Kijana mrefu mwenye kofia ya pama na buti za mpira akaruka ndani, akalidaka dume kwa pua na pembe, akalipinda shingo mpaka likapiga magoti. Kiwiko chake kilikuwa kinachuruzika damu, wala hakukiangalia.

"Samahani, dada. Umeumia?"

"Samahani yako itaonyesha muvi?"

"Haitaonyesha. Lakini mikono ninayo, nitakujengea mlango."

"Mlango niliokuwa nao ulikuwa na shida gani?"

"Ulikuwa dhaifu. Umeona mwenyewe."

Lusiana akaangua kicheko huko huko juu ya meza. Hajra alitaka kukasirika, ila uso ukamsaliti.

Jina lake lilikuwa Isaka. Familia yake ilikuja na mifugo kutoka kanda ya Ziwa, na sasa waliishi Mbwemkuru, upande wa Ruangwa. Mlango aliujenga, wa mbao nzito, na televisheni akaleta nyingine. Siku ya mnada iliyofuata akaja kuuangalia mlango kama umekaa vizuri. Iliyofuata tena akaja kuuangalia. Mlango gani unaangaliwa miezi mitatu? Mji mzima ukajua.

"Haloo, mchunga ng'ombe wangu," Hajra alimpigia simu jioni moja.

"Haloo, mwenye kelele."

"Umekula?"

"Nimekunywa maziwa."

"Maziwa siyo chakula, Isaka! Njoo nikupikie kisamvu cha karanga unenepe. Mwanamume gani ana kiuno chembamba kuliko changu?"

"Umekipima lini?"

"Macho yangu yana futi. Halafu Shangazi Hadija kasema, mahari yangu ni kutamka shahada kwanza, ng'ombe baadaye."

"Ng'ombe ninao. Hiyo shahada nifundishe wewe."

Siku moja, kibandani, Hajra alimkalia karibu akamnong'oneza kwa sauti ya Tausi, "Mimi ndiye mchawi wako." Isaka akajitoa taratibu.

"Neno hilo usilichezee, Hajra. Bibi yangu alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni. Watu wakasema mchawi. Walimkata mapanga mchana kweupe, anaanika udaga wa muhogo."

Hajra alimshika mkono. "Pole, mpenzi. Pole sana."

"Kwenye katuni yako tumia neno lingine. Sema malaika."

"Malaika hapandi ufagio, jamani. Watoto wanajua ni katuni."

"Watoto wanajua. Na watu wazima?"

Hajra akambusu shavuni, yakaisha. Yaani aliyaona yameisha. Msichana anayeipenda kazi yake huyapenda na maneno yake, na kosa la Hajra lilikuwa hilo tu, hakulifanya kwa ubaya.

Kiangazi kilipokaza, Isaka alipeleka ng'ombe mbali kutafuta majani, na minada miwili ikapita bila yeye. Hajra akamkumbuka mpaka chai ikawa haipiti kooni. Akachukua simu, akamtumia sauti ya Tausi kwa WhatsApp: "Isakaaa! Mimi ndiye mchawi uliyemwingiza kwenu! Nimeyakausha maziwa ya ng'ombe wenu wote, na sasa nakuja kuuchukua moyo wako!" Akacheka peke yake, akaendelea na kazi.

Hakujua kuwa simu ya Isaka ilibaki nyumbani, kwenye chaji. Hakujua kuwa wiki ile ndama saba walikufa kwa ugonjwa, na ng'ombe waliobaki nyumbani walikuwa wamekauka maziwa kweli. Aliyeipokea ile sauti ni Lubasha, kaka mkubwa wa Isaka. Aliisikiliza mara tatu akiwa amekaa kando ya mizoga. Kisha akawatumia watu wote aliowajua, na hao wakawatumia wao. Njiani jina la Isaka lilikatwa kwenye ile sauti, likabaki neno mchawi.

Ijumaa baada ya swala, Rashidy wa bodaboda aliwapeleka Hajra na Lusiana kijijini Nkowe, kuonyesha muvi uani kwa Shangazi Hadija. Saa tisa watu wakaanza kuingia, watu wazima wengi kuliko kawaida. Hajra akafurahi. Hata wazee siku hizi wanapenda Tausi, alimwambia Lusiana. Ndipo alipoona kuwa hakuna aliyekaa, na kwamba mikono mingi ilikuwa na mawe.

Simu moja ikawekwa sauti ya juu. "Mimi ndiye mchawi..."

"Ni sauti yake!" mtu akapiga kelele. "Ndiyo hiyo hiyo!"

"Jamani, ni katuni," alisema Hajra. "Nilikuwa namtania mchu..."

Jiwe la kwanza alirusha Rashidy, yule yule aliyewaleta. Likampiga mdomoni. Hajra alianguka na meno mawili ya mbele kwenye ulimi. Akapigwa fimbo mgongoni, akapigwa teke la tumbo, mtu akamkanyaga mkono, mwingine akamvuta kwa nywele hadi katikati ya ua mtandio ukabaki nyuma. Shangazi Hadija alilia, "Mtoto wangu! Mnaniulia mtoto!" akasukumwa ukutani. Lusiana alijitupa nyuma ya spika na kuficha kichwa.

Watu wakapisha njia. Lubasha aliingia na panga.

"Ulijitaja kwenye simu," alisema. "Jitaje na hapa. Ndama zangu walikukosea nini?"

Hajra alijaribu kusema Isaka. Ilitoka damu.

Pikipiki ikaingia uani kwa kasi, ikaangushwa hapo hapo bila kuzimwa. Isaka alikuwa amefika nyumbani mchana ule, mama yake akamsikilizisha ile sauti na kumwambia kaka yake alikoelekea. Alipita katikati ya fimbo, nazo zikampata. Panga lilipoinuliwa, alikuwa amemfikia Hajra, akaweka mkono wa kushoto juu ya kichwa chake. Panga likashuka. Vidole viwili vya Isaka vikaanguka mchangani.

Lubasha aliviangalia kama mtu asiyejua ni vya nani. Kisha akainua panga tena.

Hapo Lusiana akakurupuka nyuma ya spika. Baadaye aliapa kwamba hakuwaza lolote, alikamata tu kipaza sauti. Akafungua sauti mpaka mwisho na kupaza kwa sauti ya Zuhura: "Tausi, simama! Rafiki yangu! Uchawi wetu ni nini?"

Vijana wa kundi lile walikuwa wameisikia muvi hiyo mara mia. Kijana mmoja nyuma, tofali mkononi, akajibu kwa mazoea kabla hajajizuia: "Ni urafiki!"

Mtu akaguna. Mwingine akasema, "Aise, hii si ile katuni? Sauti ndiyo ile!" Kicheko kimoja cha aibu kikatoka, kikafuata cha pili, na mawe yakaanza kudondoka moja moja. Lubasha alipogeuka kutafuta watu wake, wengi walikuwa wameshageuza migongo. Akaondoka na panga lake, akitembea upesi.

Hospitalini Ruangwa, Hajra alishonwa mdomo na kichwa. Alimngoja Isaka kutoka wodi ya wanaume. Badala yake alikuja Lusiana, anaangalia sakafu.

"Shoga, polisi wamemhoji."

"Akasema?"

"Kasema vumbi lilikuwa jingi. Hakumwona aliyemkata."

Hajra aligeukia ukutani.

"Wote wamesema hivyo. Rashidy eti alikuwa anaziba pancha. Hata Shangazi, anaogopa watamchomea nyumba. Mimi nilikuwa nimeinama, wangu, nikiapa nimeona nitakuwa mwongo. Afande anataka shahidi wa pili zaidi yako."

Basi Lubasha akabaki huru. Siku ya mnada alikuja kusimama mbele ya kibanda cha Hajra, panga kiunoni, asiseme neno. Na iliyofuata akaja tena. Hajra alifanya kazi komeo likiwa limefungwa, akisikiliza kila hatua ya nje.

Isaka alipiga simu mara ishirini na moja. Ya ishirini na mbili Hajra akaipokea.

"Hajra, mpenzi wangu..."

"Mpenzi wako alifia Nkowe." Kwa lile pengo, kila s ilitoka na upepo. "Sauti niliituma kwako. Ilifikaje kwa watu?"

"Sikuituma mimi, haki ya Mungu! Simu ilikuwa nyumbani, kaka ndiye..."

"Aliyekukata ni nani?"

"Hajra, nisikilize kwanza..."

"Vumbi, siyo? Kaoge basi, likutoke." Akakata, halafu akalia mpaka nyuzi za mdomo zikamuuma.

Siku ya tatu alikuja mwenyewe. Shati jeupe lililopigwa pasi, mkono kwenye bandeji, kofia kaishika kifuani. Alikuwa amekonda, na Hajra alimchukia kwa jinsi moyo wake ulivyoruka kumwona.

"Mama alinipigia magoti," alisema Isaka. "Mama Bertha, mama yangu mzazi, chini, mbele yangu. Akasema nisimzikie mtoto akiwa hai."

"Na mimi ningezikwa na nani?"

"Hajra..."

"Bibi yako walipomuua, nani aliona?"

"Hakuna aliyeona."

"Wewe ulikuwa wapi?"

Isaka aliangalia bandeji yake. Aliposema, sauti ilikuwa ya mtoto. "Nilikuwa naanika naye udaga. Nilikuwa na miaka tisa. Walikuwa watatu, na wote nawajua. Baba akaniambia, ukiulizwa, ulikuwa machungani. Nikasema nilikuwa machungani."

Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Hajra alisogea mpaka akasikia joto la pumzi yake, ila hakumgusa.

"Nakupenda, Isaka. Nakupenda mpaka naumwa. Lakini siolewi na mtu aliyekuwa machungani."

Isaka alivaa kofia. "Twende," alisema.

Kituo cha polisi Ruangwa, Mama Bertha alikuwa ameshatangulia. Sijui nani alimwambia. Alikuwa amekaa chini nje ya mlango, kanga kichwani, na mwanawe alipopita alimshika mguu. Isaka aliinama, akamfungua vidole kimoja kimoja, akaingia.

Afande alikuwa mtu mzima mwenye miwani, akiandika polepole. "Ulisema vumbi."

"Nilidanganya. Niliona."

"Aliyekukata anaitwa nani?"

Isaka aliangalia mlangoni, alikokaa mama yake. Hajra alikuwa kwenye benchi, nyuma yake.

"Lubasha," alisema Isaka. "Kaka yangu. Tumenyonya ziwa moja. Panga lilikuwa linamwendea huyu binti, nikaweka mkono."

Nje, Mama Bertha alipiga yowe la msiba. Afande alingoja limalizike, ila halikumalizika, akaendelea kuandika.

"Na huyu binti ni nani yako?"

Isaka aligeuka. Uso wake ulikuwa umelowa, na hakuwa na maneno matamu hata moja.

"Mchumba wangu," alisema. "Kama bado ananitaka."

Afande aliinua miwani, akamtazama Hajra. "Dada, niandike hivyo, au niandike jirani?"

Hajra aliinuka kwenye benchi. Akaja mpaka mezani, akauchukua ule mkono wa vidole vitatu, akaushika kwa mikono yake yote miwili mbele ya watu.

"Andika mchumba, afande."