Nyuki Waliosikika Katikati ya Maji

Kila mwaka, miti ya kisiwani inapochanua, mume na mke wafuga nyuki huvusha mizinga yao kwa boti. Mizinga ni kumi na mmoja. Huipakia alfajiri, milango ikiwa imezibwa kwa wavu. Kabla ya kuondoka, mke hutega sikio kwenye kila mzinga. Nyuki wakivuma sawasawa, husema, "Twende." Huo ndio utaratibu wao.

Asubuhi hiyo maji yalikuwa meupe kwa ukungu. Kisiwa hakikuonekana, ni harufu ya maua tu iliyowajia. Boti haikuwa imetumika tangu msimu uliopita. Mume alivuta kamba ya injini mara tisa ndipo ikakubali.

"Leo imenuna," mke alisema.

"Imelala sana. Itachangamka."

Katikati ya safari injini ilikohoa, ikatetemeka, ikazima. Kimya kikatanda. Kisha, ndani ya kimya hicho, ukapanda mvumo wa maelfu ya nyuki, laini, kana kwamba ukungu wenyewe unaimba. Boti ilielea kama kitu kisicho na pa kwenda.

Mke ndiye aliyezinduka. "Jua likiwakuta wamefungiwa hivi, wataiva humo ndani!"

Mume alishika makasia, akaigeuza boti. Hawakuwa mbali na ufuko walikotoka, kwenye karakana ya dada yake mkubwa, fundi wa injini za boti. Dada aliwaona wakitokeza polepole kutoka ukunguni.

"Kaka! Injini umeiuza?"

"Dada, usinicheke. Imenisusa."

"Wifi, leteni mizinga kivulini kwanza. Injini itangoja. Nyuki hawangoji."

Waliipanga mizinga chini ya paa, wakaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Kisha fundi akachota mafuta kutoka chini kabisa ya tangi, akayatia kwenye chupa safi ya kioo, akaiweka pembeni, mbali na moto.

"Tuyaache yatulie."

Yalipotulia, mstari ulijitokeza ndani ya chupa. Juu palikuwa na petroli, yenye rangi ya asali changa. Chini palikuwa na kitu chenye utusitusi kama maji machafu. Mke aliitazama chupa kama anayetazama bahari mbili ndogo zilizokataana.

"Nani katia maji?" mume aliuliza. "Mimi sikutia hata tone."

"Hewa ndiyo iliyotia. Siku hizi petroli nyingi huchanganywa na ethanoli, yaani spiriti itokanayo na mimea kama miwa na mahindi. Ethanoli huvuta maji kutoka kwenye hewa yenye unyevu. Maji yakizidi, hushikana na ethanoli, vyote viwili huachana na petroli na kuzama. Sasa niambie, injini hunyonya mafuta kutoka wapi kwenye tangi?"

"Chini," mke alijibu.

"Basi hicho cha chini ndicho ilichonyweshwa."

"Lakini jana niliongeza petroli mpya juu ya ile ya zamani," mume alijitetea.

"Mpya haiponyi ya zamani, kaka. Na tundu la hewa kwenye kifuniko?"

"Nililiacha wazi mwaka mzima, tangi lipumue."

"Lipumue! Tangi si mtoto mchanga."

Mke alicheka, kisha akarudi kwenye mizinga.

Fundi alikata mpira wa kupitishia mafuta. Ndani ulikuwa umelainika na kubambuka kama ganda la kitunguu. "Ethanoli huila mipira ya zamani," alisema. "Vipande hivi huenda kuziba kabureta, pale mafuta yanapochanganywa na hewa." Aliifungua kabureta. Ilikuwa na ungaunga mweupe, dalili ya kutu ya alumini yake.

"Wifi, mzinga wa tisa unanyamaza," mke aliita kutoka kivulini.

"Ongeza maji kwenye gunia. Nikifunga skrubu ovyo, mtazimikiwa tena."

Aliisafisha kabureta. Aliweka mpira mpya unaostahimili ethanoli, na chujio la kutenga maji. Mafuta mabovu aliyahifadhi kwenye pipa la taka za mafuta, maana hayamwagwi ardhini wala majini. Akajaza petroli mpya. Injini iliwaka kwa mvuto wa pili.

Walipofika kisiwani, mke alifungua mzinga wa tisa kwanza. Nyuki wengi walikuwa wamelala sakafuni, wamekufa. Alingoja akiwa amepiga magoti. Nyuki mmoja akatambaa hadi mlangoni, akapangusa mabawa, akaruka. Kisha watano. Kisha hakuweza tena kuwahesabu.

Msimu ulipokwisha, mume hakuifungia boti hivihivi. Alitoa mafuta yote tangini. Alifungua skrubu ya chini ya kabureta, akayatoa yaliyobaki humo. Alifunga tundu la hewa. Alisoma kitabu cha injini ili ajue kiasi cha ethanoli inachokubali. Mwaka uliofuata alinunua petroli ya safari hiyo tu.

Ukungu ulikuwepo tena, na harufu ya maua. Injini iliwaka mara moja. Walipofika katikati ya maji, ikanyamaza.

Mke aligeuka kwa hofu. "Imezima?"

"Nimeizima mimi," mume alisema. "Hebu sikiliza."

Mizinga kumi na mmoja ilikuwa ikivuma. Waliisikiliza, boti ikielea katika weupe. Kisha mke akasema, "Twende," na mume akavuta kamba mara moja tu.